Unafua Maji, Mshono Unavuja: Mwongozo Kamili wa Vita vya Kiroho kwa Anayeanguka Pale Pale

Kila baada ya mkesha wa mwisho wa mwezi nafuatwa na mtu mmoja au wawili, na habari yao huwa moja. Ameomba mpaka sauti imekauka. Amekemea, amelia, amerudi nyumbani alfajiri mwepesi kama aliyetuliwa gunia la karafuu. Jumatano kaanguka: dhambi ile ile, mahali pale pale, na mara nyingi hata saa ni ile ile. Sasa anauliza, "Mwalimu, nikeshe siku ngapi tena?"

Huwa namwambia aende akalale kwanza.

Nenda Nungwi, pwani wanakoundia vyombo, ukakae na mafundi. Chombo kikivuja, fundi haikemei bahari. Anapitisha kidole kwenye mishono ya mbao, mmoja baada ya mwingine, na akifika penye unyevu anasimama. Anachukua pamba iliyoloweshwa mafuta, anaisokomeza kwa patasi na nyundo, tak, tak, tak, mpaka ufa umemeza pamba yote. Huko ndiko kutia kalafati. Maji yakishaingia ngamani, chini ndani ya chombo, lazima uyafue, yaani uyachote na kuyamwaga nje, hilo halina ubishi. Lakini baharia anayefua usiku kucha bila kuutafuta mshono, atachoka yeye kabla ya bahari.

Mikesha mingi tunayofanya ni kufua maji. Mwongozo huu ni wa kutafuta mshono na kuutia kalafati. Unachukua wiki 6, na nimewaandikia Wakristo wa Unguja na Pemba, hasa walio mbali na kwao: wa hotelini Paje na Nungwi, wa kambini, wa biashara Darajani na Mwanakwerekwe, na ninyi wachache wa Wete na Chake Chake ambao ibada yenu ya Jumapili inaweza kutosha kwenye sebule moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Biblia ya karatasi. Kwa wengi wetu simu ndiyo mlango wenyewe ambao adui anapitia. Huwezi kufungua simu kusoma Waefeso saa tano usiku ukategemea kuishia Waefeso.

Daftari na kalamu. Daftari la skuli linatosha. Liwe la kazi hii tu, na likae mahali ambapo wengine hawalioni.

Mtu mmoja. Mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Asiwe bosi wako, asiwe anayekudai wala unayemdai. Sifa yake ya kwanza ni kunyamaza, maana mji wetu mdogo: neno likitoka Kiembe Samaki asubuhi, adhuhuri limeshafika Bububu. Katika mwongozo huu namwita shahidi.

Saa ya kuamka. Hapa kwetu huna haja ya kengele. Adhana ya alfajiri ikisikika, na wewe amka. Jirani yako ameitwa kumwomba Mungu na anakwenda. Wewe uliye vitani ulale? Mimi nimeamshwa hivi kwa miaka, na mwadhini wa mtaani kwetu hajui deni ninalodaiwa naye.

Usivyovihitaji: maji ya upako, mafuta ya kununua, chumvi, kitambaa, wala sadaka ya kukombolewa. Ukiambiwa ushindi wako una bei, geuka urudi nyumbani. Petro alipoletewa fedha ili auze kipawa cha Mungu alimjibu Simoni mchawi, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20).

## Hatua ya 1: Mjue adui, umjue na asiye adui

Chukua ukurasa wa kwanza wa daftari. Andika majina ya watu wote ambao umewahi kuomba kinyume chao, kwa siri au kwa sauti: mama wa kambo, mfanyakazi mwenzako, jirani mwenye macho makali. Kisha soma Waefeso 6:12 polepole: "Kwa maana kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama, bali ni juu ya falme na mamlaka, juu ya wakuu wa giza hili, juu ya majeshi ya pepo wabaya katika ulimwengu wa roho."

Kila jina uliloandika ni la mtu wa damu na nyama. Kwa maneno ya Paulo, hakuna hata mmoja kati yao ambaye ni adui wa vita hivi. Pitisha mstari juu ya kila jina, na ukipitisha, mwombee heri huyo mtu. Kwa sauti. Utaona baadhi ya majina kalamu inagoma. Yawekee alama, tutayarudia hatua ya 4.

Kwanini tuanze hapa? Kwa sababu mpiganaji aliyekosea shabaha anamaliza nguvu zake zote bila kumgusa adui. Mwaka mzima niliomba dhidi ya "roho ya Absalomu", yaani ya uasi, ndani ya mzee mwenzangu wa kanisa, kisa ratiba ya kwaya. Nilipoanza daftari langu, ndani ya siku 9 nikagundua kwamba jina lake lilikuwa linatokea kila siku ambayo mimi sikusifiwa na mtu.

Onyo, na hili ni zito kwa visiwani. Jirani yako Mwislamu si "ngome" ya kubomolewa. Usigeuze spika kuelekea dirishani kwake ukaita hiyo vita ya kiroho. Huo ni ukorofi, na Bwana wako aliamuru umpende jirani. Wala usimtaje mtu yeyote kuwa mchawi. Wenye umri wanakumbuka 1995, hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilipoanzia Pemba ikavuka mpaka Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, na kila mgeni au mgonjwa wa akili akaonekana ndiye. Hofu ya namna ile haihitaji pepo kuingia nyumbani, yenyewe inatosha kuua.

Utajua hatua imekaa sawa pale utakapokutana na mmoja wa wale watu njiani, ukamwamkia mwanzo wewe.

## Hatua ya 2: Simama kwenye ushindi uliokwisha kupatikana

Hatua hii ni fupi kuisoma, lakini wanaoiruka huwa wanarudi.

Wakolosai 2:15 inasema juu ya Kristo msalabani kwamba alizivua enzi na mamlaka, akazifanya kuwa mkogo kwa ujasiri, akizishangilia. Ni jambo lililokwisha kutendeka. Wewe hupigani ili ushindi upatikane. Unapigana kwa sababu umepatikana na kuna anayekuzuia usiutumie.

Historia siingii sana, ila hii moja inatufaa kwa sababu ni ya hapa hapa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa palepale. Amri ya kuondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba ikaja baadaye, 1897. Lakini amri ile haikumfuata mtu mlangoni. Aliyetaka uhuru wake ilimbidi aende mwenyewe mahakamani akaudai. Mtu aliweza kuwa huru kwa sheria na bado asubuhi akaamka kwenda kulima shamba la bwana, kwa kuwa hakujua, au aliogopa, au hakuwa na pa kwenda.

Kwa siku 3, asubuhi, sema sentensi moja tu kabla ya maombi yako mengine: "Bwana, nadai leo kile ulichokwisha kukipata." Usiongeze mapambo. Ukiona unaomba kama ombaomba anayebembeleza mlango ufunguliwe, rudia tena.

## Hatua ya 3: Tafuta mshono unaovuja (siku 14)

Hii ndiyo kazi kubwa. Ukiifanya vizuri, hatua zinazofuata zinakuwa nyepesi kuliko ulivyotarajia.

Kwa siku 14 usijaribu kuwa mtakatifu kuliko kawaida yako. Ishi, pambana kama unavyopambana siku zote, lakini kila ukianguka, au ukiponea chupuchupu, andika mambo sita siku hiyo hiyo: siku, saa, mahali, nani alikuwepo, mwili ulikuwaje (njaa, usingizi, maumivu), na kilichotokea nusu saa kabla. Hicho cha sita ndicho muhimu kuliko vyote. Dhambi yenyewe iandike kwa neno moja, usiipambe wala usiisimulie.

Nikuonyeshe. Kijana mmoja wa hotelini, mtu wa Bara, alikuwa anafungwa na kubeti. Alikuwa ameombewa mara nyingi "roho ya umaskini" imtoke. Amenipa ruhusa nitumie mistari mitatu ya daftari lake (tarakimu ya mwisho ni shilingi alizopoteza):

*Jumanne, saa 4 usiku. Chumbani, peke yangu. Natoka shifti, sijala. Nusu saa kabla: nimeangalia salio. 5,000.*

*Ijumaa, saa 4 na nusu usiku. Chumbani, peke yangu. Tumegawana bahshishi leo. Sijala. Nusu saa kabla: kaka kanitumia ujumbe, anauliza mambo vipi huko kwa wazungu. 12,000.*

*Jumapili, saa 8 mchana. Natoka kanisani. Nimekula. Nusu saa kabla: mama kapiga, mdogo wangu anadaiwa ada. Nimemwambia kesho natuma. Sina. 20,000.*

Soma tena safu ya "nusu saa kabla". Ukitazama juu juu utasema ni tamaa ya fedha. Au utasema ni njaa na upweke, na kweli vimo: mistari miwili ya kwanza hajala na yuko peke yake. Lakini Jumapili ameshiba, katoka ibadani, na ndiyo siku aliyopoteza nyingi kuliko zote. Kinachorudi mara mbili ni simu ya nyumbani. Kwao wanaamini anaokota dola mchangani. Hajawahi kuwaambia mshahara wake ni kiasi gani. Kila simu inamkumbusha uongo anaoudumisha, na kubeti ndiyo njia pekee anayoiona ya kuufanya uongo uwe kweli kabla ya kesho.

Basi mshono ulikuwa huo: aibu. Miaka 2 watu walikuwa wanakemea umaskini, wakati adui alikuwa anaingilia kwenye uongo mdogo aliomwambia mama yake wiki ya kwanza alipofika kisiwani.

Paulo analiweka hivi: "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi" (Waefeso 4:26-27). Nafasi. Adui haombi nyumba nzima, anaomba pa kuweka mguu.

Baada ya siku 14 kaa na shahidi wako, msome daftari pamoja. Mwachie yeye aseme kwanza anachokiona. Wewe umeshazoea mshono wako, huenda huuoni tena. Mwishowe muweze kuuandika kwa sentensi moja inayoanza na "Adui huniingilia pale ninapo..." Ukishindwa kuikamilisha, ongeza wiki moja ya kuandika. Usiende mbele kwa kubahatisha.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza, kuandika kesho yake. Kumbukumbu ya kesho inajitetea. La pili, kuandika mambo ya rohoni tu na kuacha ya mwilini kwa kuona ni madogo. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumletea mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena (1 Wafalme 19:5-8).

## Hatua ya 4: Ungama, na urudishe cha mtu

Muungamie Mungu kwanza, kwa jina halisi la dhambi. "Bwana, nimemdanganya mama" si sawa na "Bwana, nisamehe mapungufu yangu". Kisha mwambie shahidi, kwa maneno yale yale. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane dhambi zetu, na dhambi iliyosemwa mbele ya mtu hai hupoteza nusu ya sauti yake. Simama kwenye 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, usirudie kuungama jambo lile lile kila usiku kama vile halikusikika.

Halafu rudisha. Zakayo mtoza ushuru hakuishia kumkaribisha Yesu kwa furaha, alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Kama ni fedha, panga malipo hata ya kidogo kidogo. Kama ni jina la mtu ulilolichafua, rudi kwenye baraza ile ile ulikolichafulia. Na yale majina yenye alama kutoka hatua ya 1, huu ndio wakati wake. Si kila mmoja ni wa kumfuata; aliyekuumiza vibaya unaweza kumsamehe bila kumkaribisha tena. Ongea na shahidi kabla ya kwenda popote.

Kijana wetu alimpigia mama yake Jumamosi asubuhi, akataja mshahara. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, unakula nini huko?"

Ukiwa na hirizi, kombe (maandishi yanayooshwa kwa maji yakanywewa), au kitu chochote ulichopewa na mganga, kiondoe. Waefeso walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma wenyewe (Matendo 19:19). Angalia: vyao. Usiguse cha mtu mwingine, hata awe mumeo. Jambo jingine ambalo wahubiri wageni hawalijui: hirizi nyingi za huku zina aya za Kurani ndani yake. Usiichome, wala usiitupe jaani. Mrudishie kwa heshima aliyekupa, au mpe mzee wa Kiislamu mnayeheshimiana naye, faraghani, umwambie huihitaji tena. Kuacha hirizi si ruhusa ya kudharau maandiko ya wenzako.

## Hatua ya 5: Tia kalafati

Toba inakausha mshono. Ukiuacha hivyo hivyo, utavuja tena. Yesu alisimulia habari za pepo aliyemtoka mtu, kisha akarudi na kuikuta nyumba "tupu, imefagiwa na kupambwa", akaingia na wenzake saba waovu kuliko yeye (Mathayo 12:43-45). Ile nyumba ilikuwa safi kabisa. Tatizo lake ni kwamba ilikuwa tupu.

Kalafati ina pamba na ina mafuta. Pamba ni Neno, mafuta ni badiliko la mwenendo. Kimoja bila kingine hakishiki.

*Neno.* Chagua mstari mmoja unaolingana na mshono wako, si mistari thelathini. Nyikani Yesu alijibu mara tatu, na mara zote tatu alitoa kwenye Kumbukumbu la Torati: sura ya 8 alipojaribiwa kwa mkate, sura ya 6 kwa hayo mengine mawili. Kila jaribu na jibu lake. Na usisahau kwamba Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91 siku ile. Kujua andiko tu si silaha kama halilingani na jambo lililo mbele yako. Kijana wetu alichukua Waebrania 13:5: "Msiwe na tabia ya kupenda fedha, mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Aliusema kila asubuhi akitembea kutoka chumbani kwake mpaka hotelini, mpaka ukawa unamjia bila kuuita.

*Mwenendo.* Angalia daftari: saa, mahali, mwili. Badilisha vitu viwili. Yeye alikula kwenye kantini kabla ya kutoka shifti, na alifuta programu ya kubeti mbele ya shahidi. Kama mshono wako ni pombe zinazobaki mezani kwa wageni, omba uhamishwe kutoka baa. Kama ni mtu fulani anayepanda boti moja na wewe kwenda Dar es Salaam kila mwezi, panda boti nyingine. Utaambiwa huo ni woga. Yusufu aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akakimbia (Mwanzo 39:12), na Biblia haikumwita mwoga.

Dalili ya kalafati kushika si kwamba hujaribiwi. Ni kwamba jaribu linakuja na unalitambua mapema, ukiwa bado mlangoni.

## Hatua ya 6: Vaa silaha, bila maigizo

Wengi hufundishwa kuigiza kila asubuhi: wanashika kiuno, wanapapasa kifua, wanavaa chapeo ya hewa. Sina ugomvi nao. Ila nimeona mtu akijifunga mshipi wa kweli saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili asubuhi anasema "niko njiani" akiwa bado kitandani.

Soma Waefeso 6:14-18 kama orodha ya maisha. Mshipi wa kweli: leo nitasema kweli kwa nani ambaye nimekuwa nikimzunguka? Dirii ya haki: nani namdhulumu? Miguu iliyo tayari kwa Injili ya amani: nani niende nikapatane naye? Ngao ya imani ni ya mishale, na mishale ni yale mawazo yanayokuja ghafla, "wewe hubadiliki". Chapeo inalinda kichwa, nawe unakijua kichwa chako kinakwenda wapi usiku. Upanga ni Neno, nawe umeshaunoa hatua ya 5.

Chagua kimoja kwa siku. Vyote sita kwa pamoja utavisahau kabla ya chai.

## Hatua ya 7: Kufunga na kuomba

Sasa ndio wakati wa mkesha, ukipenda, maana sasa unajua unaombea nini.

Funga siku moja kwa wiki, kuanzia wiki ya 4. Kunywa maji, joto la huku si la kuchezea, hasa Januari na Februari kaskazi likiwa kali. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa zinazohitaji chakula wasifunge kula. Wafunge kitu kingine: simu kuanzia magharibi mpaka asubuhi, kwa mfano. Soma Isaya 58 yote siku hiyo, uone Mungu anavyoikataa funga ya mtu anayewaonea wafanyakazi wake.

Ramadhani usishindane na majirani kwa kufunga, wala usile hadharani kuwaonyesha kwamba wewe huhusiki. Ukialikwa futari, nenda. Ushuhuda wa visiwa hivi huwa kwenye sahani kabla haujafika mdomoni.

## Mahali pa kusimama: si kila kitu ni pepo

Naweka hili hapa katikati kwa makusudi, kwa sababu likiwekwa mwishoni halisomwi.

Mtu anayesikia sauti, asiyelala siku kadhaa, anayetaka kujidhuru, au anayeanguka kifafa, mpelekeni hospitali. Unguja ipo ya wagonjwa wa akili, Kidongo Chekundu, na kumpeleka huko si upungufu wa imani. Muombeeni njiani, muombeeni wodini. Asiache dawa zake kwa neno la mtu yeyote, hata awe askofu. Hakuna kumfunga kamba, kumpiga, kumnyima chakula wala kumfukiza moshi. Luka aliyetuandikia Injili na Matendo, Paulo anamwita "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14).

Na mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Mengine baadaye.

## Hatua ya 8: Robo saa ya jaribu lenyewe

Mawimbi makubwa ya jaribu hayadumu. Kwa niliowaongoza, wengi wanasema makali yake hupungua ndani ya robo saa ukiwa umeondoka pale ulipo. Kwa hiyo kazi yako si kulishinda milele, ni kuivuka robo saa.

1. Simama. Kama umelala, inuka. Jaribu hupenda kitanda.
2. Sema mstari wako kwa sauti. Si lazima kupiga kelele, ila masikio yako yausikie.
3. Toka. Paulo aliahidi "mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13), na mara nyingi ni mlango wa kawaida wa mbao, wenye komeo. Nenda barazani, nenda kwenye mwanga, nenda kwenye watu.
4. Mpigie shahidi. Asipopokea, tuma neno moja mliloelewana. Kijana wetu na mwenzake walichagua "kalafati". Akiliona tu, anampigia.
5. Baada ya robo saa, kula kitu au kunywa maji. Kisha andika kwenye daftari: nimevuka, na saa.

Andika hata ukivuka. Tumezoea kuhesabu maanguko tu, tukadhani ndiyo habari yote. "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia" (Yakobo 4:7) ni ahadi, na daftari litakuonyesha mgongo wake.

## Hatua ya 9: Ukianguka ndani ya wiki 6

Pengine utaanguka. Kijana wetu alianguka wiki ya 5, siku ya mshahara.

Kosa la wengi ni kufunga daftari kwa aibu, wakasubiri mkesha ujao waanze upya. Zile siku katikati ndizo adui anazozitaka. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18:18), na baada ya kufufuka Yesu alimngoja ufukweni kwenye moto wa makaa, na samaki juu yake (Yohana 21:9). Alimlisha kwanza, kisha akamuuliza maswali yake matatu.

Kwa hiyo ukianguka, fanya haya kabla hujalala. Ungama kwa jina. Mpigie shahidi usiku huo huo, usingoje kesho. Usijipe adhabu ya kukosa chakula. Usiape chochote usiku, viapo vya usiku wa kuanguka havifiki adhuhuri. Kesho, adhana ikisikika, amka kama kawaida, useme mstari wako.

Kisha rudi hatua ya 3, ukurasa mpya. Safari hii huenda mshono ni mwingine, wa jirani na ule wa kwanza. Ukikaza pamba upande mmoja maji hujaribu upande wa pili. Andika siku, saa, mahali, nani alikuwepo, nusu saa kabla kulitokea nini, na kama ulikuwa umekula.